Supu Iliyokatika Alhamisi Kuu

Watu wa mji wetu wa Machachi wakimtaja mama yangu, Targelia, husema ni mwanamke mpole. Wanajidanganya. Mama ana subira, wao wameiona subira wakaiita upole. Mimi ni bintiye na namjua: ukimkosea leo, atakuitikia vizuri, atakuuliza hali ya watoto, na kosa lako atalikunja na kuliweka mahali pakavu. Nami nimerithi tabia hiyo. Ukisikia ukali humu ndani, ujue umetoka kwake.

Kosa ninalotaka kulieleza lilifanyika jikoni kwa bibi yangu Ubaldina, siku ya Alhamisi Kuu, kabla sijazaliwa. Kwetu siku hiyo hakuna anayegusa nyama. Kila nyumba hupika fanesca, supu nzito ya boga, maziwa na jibini, ndani yake mna mahindi mabichi, njegere, dengu, maharage ya kila namna, karanga zilizosagwa na samaki wa chumvi. Nafaka ni kumi na mbili, kwa ajili ya mitume kumi na wawili. Hupikwa mara moja tu kwa mwaka, na familia nzima hukaa siku mbili ikimenya na kuloweka. Kumenya anamenya kila mtu. Kukoroga anakoroga mmoja. Tumelelewa kuamini kwamba mikono miwili ikishika mwiko, au akiushika mtu mwenye moyo mbaya, maziwa hukatika. Kwa hiyo mkorogaji ndiye heshima ya nyumba. Mabakuli yakipelekwa kwa majirani, wao huuliza kwanza nani kakoroga, ndipo waseme asante.

Bibi alipoanza kuumwa mabega, kila mtu alijua kwamba mwiko utakwenda kwa binti yake Luzmila, dada mkubwa wa baba yangu. Luzmila mwenyewe alijua kuliko wote. Lakini mama yangu alikuwa ameolewa mwaka mmoja nyuma, na bibi alikuwa ameonja locro yake, ile supu yetu ya siku zote ya viazi na jibini, akashindwa kuficha alivyoipenda. Akasema mbele ya watu, "Mwaka huu atakoroga mkwe wangu. Huyu ana mkono."

Basi mama akakoroga. Alikuwa na miaka kumi na tisa na nywele amezifunga kitambaa kipya kwa ajili ya siku hiyo. Maziwa yakaingia, moto ulikuwa mdogo, kila kitu sawasawa. Baada ya muda mfupi supu ikaanza kufanya chembechembe pembeni, kisha mabonge, kisha maji ya njano yakapanda juu. Shangazi Luzmila alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Haya Mama, umeuona huo mkono?" alimwambia bibi. "Huyu bibi harusi wako ana kijicho. Sisi anatuchekea, lakini maziwa hayadanganyiki."

Mwaka ule majirani walipelekewa mkate mtupu. Kufikia Jumapili ya Pasaka mama alikuwa na jina jipya mji mzima: Mkono Mbaya.

Miaka ishirini na mbili alilibeba. Kila Alhamisi Kuu aliwekwa dirishani, mbali na moto, na karai la maharage mapana, yale yenye ganda gumu ambalo lazima limenywe moja moja mpaka kucha zinauma. Mgeni akiingia jikoni, shangazi alikuwa na mzaha wake ule ule. "Huyo wifi yangu kazi yake kumenya tu. Akisogea hapa, ng'ombe huko malishoni wanakauka maziwa!" Watu wanacheka. Baba yangu Gonzalo, mtu mwema kwa mengine yote, alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa namchukia kwa vile viatu.

Jina lenyewe halikuishia kwake. Nikiwa na miaka tisa, tulikuwa tunapika wali wa maziwa kwa rafiki yangu, mama yake akaninyang'anya kijiko. "Hapana, wewe kata mdalasini," alisema, kwa sauti nzuri kabisa. Nilirudi nyumbani nikilia. Mama aliniosha uso, akasema, "Usilie. Kumbuka tu nani alianza."

Shangazi aliishi na bibi katika nyumba kubwa, sisi ng'ambo ya ua. Na katika jiko letu dogo mama alikuwa na kazi yake ambayo hakuna aliyeijua. Kila wiki alipika locro: viazi vinavyovurugika, kitunguu, maziwa, jibini bichi la kusagika. Wiki hii akaikoroga kwa mkono wa kushoto. Wiki nyingine huku na huku, bila mpango. Safari nyingine alinipa mwiko nikamshikia, tukakoroga wawili. Mara moja aliniambia ninyamaze kwa sababu alitaka kukasirika kwanza. Akakaa anaufikiria uso wa Luzmila mpaka masikio yakawa mekundu, ndipo akainuka akakoroga. Supu ikatoka laini kama siku zote. Tuliila. Tulikula ushahidi wiki baada ya wiki, na baba akawa anasifu tu bila kujua anachokisifu.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba, akajaribu ndimu. Aliikamulia kwenye jagi la maziwa, yakakatika pale pale. "Hapana," akasema, "hivi ningeona." Wiki iliyofuata akachemsha boga, akaliponda, akalikamulia ndimu mbili. Hakuna kilichoonekana. Harufu ilifunikwa na kitunguu saumu. Akatia maziwa, bado hakuna kitu. Yalipopata moto, zikaja chembechembe pembeni, kisha mabonge, kisha maji ya njano.

Mama alizima moto, akakaa juu ya gunia la viazi.

"Mwaka ule, nani aliponda boga?" nilimuuliza.

"Nani mwingine? Si wifi yangu huyo! Alisema nipumzishe mikono."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. "Twende kwa bibi! Sasa hivi!"

"Tukamwambie nini? Kwamba nimepika boga na ndimu kwangu? Kaa chini, Yesenia."

"Mama, miaka yote hii!"

"Ndiyo maana sitaki kuipoteza kwa kupiga kelele. Nikisema leo, ni maneno ya wifi na wifi, na yeye ana mdomo kuliko mimi. Mimi nataka ikatike mkononi mwake. Nataka watu wawe wamekaa mezani, wamevaa vizuri, wana njaa."

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mama alisubiri miaka mitatu mingine ili wapatikane watu wa kufaa.

Wakapatikana. Paola, binti ya shangazi, alichumbiwa na kijana wa Ambato, na wazazi wa kijana wakaalikwa kula fanesca nyumbani kwa bibi. Mwezi mzima shangazi hakuzungumza jambo jingine. Alinunua sahani mpya, kitambaa cha meza kipya, akapaka chokaa hata ukuta wa banda la nguruwe, kana kwamba wakwe wangekwenda kuamkia nguruwe.

Jumatano tulikaa kumenya. Shangazi alikuwa anapita nyuma yetu kama mnyapara.

"Targelia, menya vizuri. Wageni wa kesho hawali maganda."

"Sawa, wifi."

"Na kesho ukae huku huku dirishani. Nina wakwe, sitaki mikosi karibu na sufuria yangu."

"Sawa, wifi."

"Huyu mtoto wako naye anaangalia nini? Utadhani anataka kuning'ata."

"Ana usingizi tu, wifi."

Mimi sikuwa na usingizi. Nilikuwa natamani kumvisha lile karai kichwani.

Mama hakuniambia kwamba siku imefika. Uso wangu hauna pazia, angeniambia ningemharibia. Yaliyofanyika asubuhi ile alinisimulia baadaye. Alhamisi aliingia nyumba kubwa kama kila asubuhi kumwogesha bibi, kwa sababu shangazi siku zote alisema mgongo wake haumruhusu kuinama. Alimwogesha, akamsuka nywele, akamkata kucha za miguu, akamleta kwenye kiti chake mezani. Jikoni na mezani ni chumba kimoja. Boga lilikuwa tayari limepondwa, liko kwenye bakuli kubwa limefunikwa kitambaa, na shangazi alikuwa bado zizini na ng'ombe wake. Mama alimpa bibi mgongo, akatoa kichupa mfukoni mwa aproni, akamimina, akachanganya kwa kidole, akafunika. Kisha akavuka ua kwenda kukaanga ndizi mbivu za kupamba supu. Alikuwa anaimba, alisema. Wimbo wa kanisani.

Shangazi alitia boga kwenye sufuria, akatia nafaka, akatia karanga. Mimi nilikuwa namenya mayai. Akamimina maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, aliyokamua alfajiri, akaanza kukoroga kidevu juu. Hapo hapo likasikika gari nje. Wageni wamewahi kwa nusu saa, na aproni ya shangazi ilikuwa imejaa boga kuanzia kifuani hadi magotini.

"Mungu wangu! Yesenia! Njoo ushike mwiko!"

"Mimi, shangazi?"

"Kwani kuna mwingine? Paola kavaa nyeupe. Koroga polepole, upande mmoja, na usiwaze mabaya. Dakika moja tu nabadilisha nguo."

Nikaushika. Nisiseme uongo: nilifurahi. Ningepaswa kumrushia usoni, lakini nilikuwa na miaka ishirini na hakuna aliyewahi kuniita kwenye sufuria hiyo. Mvuke ulinipanda usoni, ukinuka maziwa na karanga, nikasimama wima kama shangazi mwenyewe. Mama akaingia na sahani ya ndizi.

"Mama, tazama," nilisema.

Sijawahi kuuona uso ule tena. Sahani ilianguka. Nikainamia sufuria kuona anachokitazama, nikaona chembechembe ndogo, pembeni tu, bado hakuna mwingine ambaye angeweza kuziona. Mama alivuka chumba kwa hatua tatu, akaninyang'anya mwiko na kunisukuma kwa nyonga mpaka kiwiko changu kikagonga meza kikatoka damu.

"Toka!"

"Mama, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Hukuushika. Umenisikia? Hukuugusa kabisa."

Kisha akaanza kukoroga. Alikuwa na nafasi ya kukimbia, ya kuimwaga, ya kusema lolote. Alisimama pale akikoroga, na supu ikakatika mbele ya macho yetu, mabonge makubwa, maji ya njano, mkononi mwake yeye. Hapo ndipo nilipoelewa kila kitu. Kama ningebaki na ule mwiko dakika moja zaidi, lile jina lingekuwa langu mpaka kaburini, na watoto wangu baada yangu. Alikuwa amekitupa kisasi cha miaka ishirini na mbili ili lisinipate.

Shangazi akaingia amevaa gauni la bluu, nyuma yake Mzee Abelardo wa Ambato na mkewe, Paola, na baba yangu amebeba kofia ya mgeni.

"Karibuni, karibuni, hapa ndipo..." Akaiona. "Targelia! Nani kakupa mwiko?"

"Nimeuchukua mwenyewe."

"Umeiua supu yangu! Mbele ya wakwe zangu!"

"Si unaujua mkono wangu, wifi. Maziwa yananikimbia."

Wageni walitazamana. Mke wa Mzee Abelardo alikuwa mtu wa adabu, akataka kuokoa jambo. "Si kitu jamani, hutokea. Labda maziwa yalikuwa ya jana."

Maskini hakujua amemgusa wapi. Mwanamke wa Machachi umwambie maziwa yake yamelala! Afadhali umwambie kalala yeye nje.

"Maziwa yangu ya jana?" shangazi alisema. "Nimekamua alfajiri kwa mikono hii!" Akachota kijiko, akaonja, akatema kwenye kiganja. "Ndimu! Humu mna ndimu! Kuna mtu katia ndimu!"

"Ndimu?" mama aliuliza, sauti ya chini kabisa. "Kwani ndimu inakata supu? Mimi nilifundishwa ni mkono."

"Mkono gani, wewe! Mkono una nini? Ndimu mbili tu kwenye boga zinatosha, huoni kitu, hunusi kitu, mpaka maziwa yapate moto ndipo..."

Akaziba mdomo kwa mkono. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka na kukaa mezani pamoja na wageni. Hakuna mtu aliyekuwa ametaja boga.

"Kwenye boga," mama alisema. "Mimi imenichukua miaka kumi na tisa kulijua hilo, wifi. Leo nimetia mimi, sikatai. Wewe ulitia lini?"

Paola alikuwa anamtazama mama yake kama mtu anayemtazama mgeni. Mimi nilikuwa nafuta damu kiwikoni na nilisikia raha ambayo sitaificha: raha ya moto, ya tumboni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa ameingia kichwa chini, gauni jipya na yote.

Ila mama hakuwa anamtazama Luzmila tena. Aligeukia kiti cha bibi. Kitu kimoja tu alikuwa anakitaka, nami nilijua ni kipi: yule aliyesema "huyu ana mkono" aseme tena, mbele ya watu.

"Mama, umesikia?"

Bibi alikuwa anakunja ncha ya kitambaa cha meza. "Sikuhitaji kusikia," alisema. "Maganda ya ndimu niliyaona siku ile ile, yamefichwa chini ya majani ya mahindi. Niliyatia motoni mwenyewe."

"Ulijua?"

"Luzmila nimemzaa, Targelia. Wewe ulikuwa na mwaka mmoja tu hapa. Ningefanyaje? Nimwaibishe mwanangu kwa ajili ya mgeni?"

Alisema bila ubaya, kama anaeleza bei ya chumvi. Nilitaka kuipindua ile meza. Miaka ishirini na mbili! Kila asubuhi mama alikuwa ameishika miguu ya yule mwanamke mapajani mwake, na yeye amekaa na siri hiyo, ananyoosha mguu mwingine.

Mama hakulia. Alienda kabatini, akashusha bakuli la udongo, lile kubwa kuliko yote. Alilijaza supu mpaka ukingoni, mabonge na maji yake. Akapanga vipande vya yai juu, kipande cha jibini, jani la giligilani, kwa utaratibu wote kama desturi inavyotaka, akaliweka mbele ya bibi. Akajaza la pili, akaliweka mbele ya Luzmila. Akajaza la tatu.

"Na wewe, Gonzalo," alimwambia baba.

Kwa wageni aliinamisha kichwa. "Nyinyi hamna kosa. Yesenia atawaletea mkate na jibini."

Fanesca haikataliwi siku ya Alhamisi Kuu. Hata mlevi wa stendi anajua hilo, na Mzee Abelardo alikuwa amekaa pale, anatazama. Baba alianza kula bila kuinua macho. Shangazi alikula akilia, pua imekuwa nyekundu, na kila alipoweka kijiko chini mama alikitazama kile kijiko mpaka kikainuliwa tena.

Bibi alikula vijiko vitatu, akaugeuza mdomo upande. "Targelia, mwanangu," alisema, "ni chachu. Siwezi."

Mama akavuta kiti, akakaa karibu naye, akamfunga kitambaa shingoni. Akachota kijiko kimejaa.

"Fungua mdomo, Mama," alisema. "Bado iko nyingi."